Meno Arobaini na Moja

Kibati cha ekseli kililiwa na kutu zamani;
kilichobaki ni skrubu moja na kovu la mviringo.
Jirani yetu Halvorsen, ameegemea mlango wa ghala
na kikombe chake, anasema: tatu na robo tatu,
Fargo zote za mwaka arobaini na tisa ni hivyo.
Anasema kama mtu aliyekuwepo kiwandani.
Mimi nasema tuhesabu.

Nataka kujua kwa sababu nikifika maili arobaini na tano
injini inalia kama ndama aliyeachishwa ziwa,
na fundi wa Canora amekwisha kunitajia
bei ya injini nyingine.

Nimepiga jeki upande wa kulia tu.
Jeki ya pili ilikwenda na kaka yangu Myron
pamoja na vingine alivyoviita vyake.
Gia iko huru. Kabari mbele na nyuma ya tairi la kushoto.
Chaki kwenye tairi, chaki kwenye propela,
na Kalyna wa Myron, miaka kumi na mmoja,
kalala chali juu ya gunia uvunguni mwa gari,
tochi mdomoni.

"Zungusha!"
Duara moja, alama kwa alama.
"Ngapi?"
Anatema tochi. "Mbili. Na unywele."
Halvorsen anacheka mpaka kahawa inamruka:
mbili na unywele! Kumbe mnalo gari la mashindano!

Nikaketi juu ya ndoo.
Nikaikumbuka difu na tabia yake:
gurudumu moja likigoma chini
lenziwe huzunguka kwa ajili ya mawili.

Baba alipopooza upande wa kushoto,
katikati ya mavuno, mwaka sabini na nne,
mama, futi tano kasoro,
alijiwekea mto wa manyoya nyuma ya mgongo
ili mguu uifikie klachi.
Ngano bohari, malai stesheni,
baba hospitali Yorkton, kisha kurudi kukamua.
Hakuna aliyehesabu.
Tuliliona gari linakwenda, basi.

"Shangazi, umelala?"
Sijalala.
Twende mara ishirini, namwambia,
tuone huo unywele utafika wapi.

Nazungusha. Mikono inanuka oili ya difu,
ile harufu ya yai viza lililoungua.
Kumi: "Ishirini na nusu!"
Kumi na tano. Halvorsen ameacha kucheka,
anahesabu kwa midomo.
Ishirini,
na kutoka uvunguni sauti yenye grisi:
"Arobaini na moja! Na chaki imerudi palepale!"

Arobaini na moja kwa ishirini;
na kwa kuwa moja lilikuwa limesimama,
arobaini na moja kwa kumi.
Nne nukta moja.
Krauni meno arobaini na moja, piniani kumi.

"Kwa nini wasitie arobaini kamili?
Hesabu ingekuwa rahisi."
Ingekuwa rahisi, na jino lilelile
lingeumana na jino lilelile
umri wao wote, mpaka watoboane.
Hilo moja la ziada huvuruga foleni:
kila jino likutane na yote
kabla ya kulirudia la kwanza.

Nikamfikiria Myron.
Halafu nikaacha.

Juu ya boriti, chini ya vijistari vya mama
vya debe za malai, naandika kwa chaki: 41/10.
Halvorsen anasoma, anakohoa,
anauliza kama kuna kahawa zaidi.

"Sasa hiyo ni nzuri au mbaya?" Kalyna anajifuta uso,
anazidi kujipaka.
Injini haiumwi, nasema. Hii difu ni ya kubeba,
siyo ya kukimbia. Tulikuwa tunaikimbiza.

Nashusha jeki, kidogo kidogo,
mpaka tairi la kulia linagusa udongo.
Yorkton ni maili thelathini.
Tutaondoka mapema.